Kufuta kauli kabla haijafika hewani: vitufe vya mashine, swichi ya mezani au programu ya kompyuta?

Kituo cha redio cha Dar es Salaam kinachopokea simu za wasikilizaji moja kwa moja kinaweza kwenda miaka bila mashine ya kuchelewesha sauti na kisione upungufu wowote, mpaka siku mpigaji mmoja wa Mbagala au Tegeta atakapomtukana mtu kwa jina lake, na tusi hilo likawa limeshatoka mnarani kabla mkono wa fundi mitambo haujakifikia kitelezi cha simu kwenye mikseri. Barua ya kujieleza haiendi kwa aliyepiga simu, huja kituoni. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni za maudhui ya redio na televisheni za mwaka 2018, zinamtazama mwenye leseni, na mbele ya Kamati ya Maudhui ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, utetezi kwamba aliyesema ni msikilizaji haumfikishi mtu mbali.

Vituo vinapoamua kununua mashine hii, swali la kwanza huwa ni sekunde ngapi. Wauzaji nao hulipenda swali hilo, kwa sababu lina jibu la tarakimu: BD600 ya kampuni ya Eventide, kwa mfano, inaweza kushika hadi sekunde 80. Kwa kipindi cha simu, hata hivyo, sekunde 6 hadi 10 zinatosha, na kituo chenye 80 hakitakuwa salama zaidi ya chenye 10 ikiwa mtu aliye studio hajui abonyeze nini, au anajua lakini mkono haufiki. Kinachotofautisha mashine moja na nyingine ni vitufe vya mbele na kile ambacho mashine hufanya katika dakika mbili zinazofuata baada ya kauli kufutwa. Kwa msingi huo ulinganisho huu unaweka njia tatu ubavuni: mashine maalumu inayoendeshwa kwa vitufe vyake yenyewe ikiwa kwenye raki (fremu ya kufungia vifaa vya studio), mashine hiyohiyo inayoendeshwa kwa swichi zilizovutwa kwa waya hadi mezani kwa mtangazaji, na programu ya kompyuta inayoendeshwa kwa kipanya au kibodi.

Kabla ya kulinganisha, ni vizuri kueleza kazi yenyewe. Mashine ya kuchelewesha hukaa kati ya mikseri na transmita, yaani mtambo wa kurusha matangazo, na hufanana na tenki la maji lililo juu ya nyumba: kinachotoka bombani sasa hivi kiliingia muda uliopita, na ukigundua kwamba kilichoingia si safi, una nafasi ya kukimwaga kabla hakijafika kwenye glasi ya mtu. Zamani kazi hii ilifanywa kwa utepe. Sauti ilirekodiwa kwenye mashine moja na kusomwa kwenye nyingine iliyowekwa mbali kidogo, na kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, kuchelewa kwa sekunde 7 kulihitaji utepe wa mita moja na theluthi hivi kati ya kichwa cha kurekodi na kichwa cha kusoma. Leo sauti hukaa kwenye kumbukumbu ya kielektroniki, na ndiyo maana inawezekana kuifuta, kuirefusha na kuifupisha kwa kubonyeza kitufe.

Mbele ya mashine za aina hii majina ya vitufe hutofautiana kidogo, lakini kazi ni zilezile. Kwenye mashine za Eventide utakuta DUMP kwa kufuta, REBUILD kwa kujaza akiba upya, SNEEZE kwa kupiga chafya au kukohoa, na njia mbili za kutoka kwenye kuchelewa, RAMP TO ZERO na WAIT AND EXIT. Kuna pia skrini ndogo inayoonyesha akiba ya sekunde iliyopo, na taa inayojulisha kwamba akiba hiyo inatosha kukulinda. Taa hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtangazaji anapaswa kuzoea kuitazama, kabla hata ya kujifunza kitufe chochote, kwa kuwa kubonyeza DUMP wakati akiba ni sifuri hakufuti kitu.

Kujaza akiba

Mashine ikiwashwa haina sekunde hata moja ndani yake. Akiba lazima ijengwe, na kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kurefusha sauti polepole bila kuifanya iwe nzito, hivi kwamba kinachotoka kinabaki nyuma kidogo kidogo ya kinachoingia. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kuijua kabla ya kusaini chochote: mashine ikipunguza kasi ya sauti kwa asilimia 10, akiba ya sekunde 7 inapatikana kwa sekunde 70, ikipunguza kwa asilimia 5, unahitaji sekunde 140, yaani dakika mbili na ushei. Ya pili ni kucheza kitu kilichorekodiwa, kama utambulisho wa kituo wa sekunde 8, huku sauti ya studio ikiingia kwenye kumbukumbu kimyakimya; utambulisho ukiisha, akiba imeshakamilika.

Kwa sikio la msikilizaji, njia ya kurefusha haionekani mtu anapozungumza, hasa mzungumzaji mwenye mapumziko mengi. Kwenye muziki ni jambo jingine. Wimbo wa Bongo Fleva wenye mapigo 100 kwa dakika ukipunguzwa kasi kwa asilimia 5 unakuwa na mapigo 95, na ingawa abiria wa daladala hatalalamika, DJ aliyepanga kuunganisha wimbo huo na mwingine atajua papo hapo kwamba kuna kitu hakiko sawa. Kwa hiyo, jaza akiba wakati mtangazaji anasalimia na kutaja namba za simu; ule utangulizi ambao watangazaji wetu wanaupenda kuurefusha unapata kazi ya maana hapa.

Katika hatua hii mashine ya kwenye raki na swichi ya mezani hazitofautiani sana, kwa sababu hakuna haraka: fundi mitambo anaweza kunyanyuka, akabonyeza, akarudi. Programu ya kompyuta inashinda kidogo, kwa kuwa inaonyesha mstari unaojaa kwenye skrini kubwa ambao hata mgeni aliye studio anauelewa, na mara nyingi inaweza kupangiwa ianze yenyewe saa fulani. Ushindi huo usimdanganye mnunuzi. Kipindi hakiharibiki wakati wa kujaza.

Kufuta

Hapa ndipo pesa inapolipwa. Tuchukue hali halisi, sekunde kwa sekunde, tukiwa na akiba ya sekunde 8. Mpigaji anasema neno lisilofaa. Mtangazaji analisikia wakati huohuo kwenye vipokea sauti vyake, kwa sababu studio husikiliza sauti ya kabla ya kuchelewa. Sekunde moja au mbili zinapita kabla hajaamini alichosikia. Watu wengi hutazamana na fundi mitambo kwanza, ng'ambo ya kioo. Kisha mmoja anabonyeza DUMP. Sekunde 8 zilizo ndani zinatupwa, na msikilizaji aliye nyumbani anarushwa kutoka kwenye maneno yaliyosemwa sekunde 8 zilizopita hadi kwenye sauti ya sasa hivi. Kama simu imeshakatwa na mtangazaji ameshaanza kusema, “Tuendelee, ndugu msikilizaji mwingine tafadhali,” msikilizaji anasikia mruko mdogo tu. Kama studio bado wameduwaa, anasikia kimya, na kama mpigaji hajakatwa bado, anamsikia sasa akiendelea bila kizuizi chochote, kwa sababu akiba imeisha.

Jambo la mwisho hilo husahaulika sana. Kufuta si mwisho wa kazi. DUMP hubonyezwa pamoja na kukata simu, na vitendo hivyo viwili vinahitaji mikono miwili au mtu mwenye utaratibu uliozoeleka. Baada ya hapo mashine huanza kujaza upya, yenyewe au kwa kubonyezewa REBUILD kulingana na ilivyopangwa, na kwa hesabu ya asilimia 10 tuliyoiona, kituo kitabaki na ulinzi mdogo kwa zaidi ya dakika moja. Mpigaji wa pili asipokelewe ndani ya muda huo. Mtangazaji mwerevu husoma ujumbe mfupi wa wasikilizaji mpaka taa iwake tena.

Ndiyo sababu ninaona kwamba sifa muhimu kuliko zote ni uwezo wa kufuta kwa vipande. Baadhi ya mashine huruhusu akiba igawanywe: sekunde 8 zikigawanywa mara mbili, ubonyezaji mmoja hutupa sekunde 4 za karibuni zaidi na kubakiza 4 nyingine, kwa hiyo bado una kinga mpigaji akirudia au rafiki yake akinyakua simu. Gharama yake ni kwamba lazima ubonyeze ndani ya sekunde 4 tangu neno litamkwe, la sivyo neno lenyewe litakuwa limeshaingia kwenye kipande kinachobaki. Kituo chenye fundi mitambo mwenye uzoefu kitanufaika na vipande. Kituo ambacho mtangazaji anaendesha mikseri peke yake, anasoma ujumbe wa simu na kuongea na mgeni kwa wakati mmoja, kifute akiba yote kwa mkupuo, au kiongeze akiba ifike sekunde 12 na kuigawa mara mbili, ili kila kipande kiwe na sekunde 6.

Sasa tuziweke njia tatu ubavuni kwa kipimo hiki kimoja cha kasi ya mkono. Vitufe vya mashine yenyewe vina faida ya kuwa na taa na skrini palepale, hivi kwamba jicho na kidole vinakwenda mahali pamoja. Kasoro yake ni raki. Katika studio nyingi raki huwekwa chini ya meza au nyuma ya mgongo wa mwendeshaji, na kitufe kilicho usawa wa goti, kwenye mwanga hafifu, katikati ya vitufe vingine vinavyolingana nacho kwa ukubwa, si kitufe cha dharura. Ukichagua njia hii, mashine iwe usawa wa mkono uliokaa mezani, na fundi abandike tepu yenye maandishi ya Kiswahili, FUTA, JAZA, TOKA, chini ya kila kitufe. Tepu hiyo haigharimu chochote na inamsaidia mtangazaji mgeni wa zamu ya usiku kuliko kitabu cha maelekezo.

Swichi ya mezani hutatua tatizo la umbali. Mashine zilizo makini zina viunganishi vya nyuma vya kupokea amri kutoka kwenye swichi ya nje, na fundi yeyote wa studio anaweza kufunga swichi kubwa yenye kifuniko cha kuinua, moja kwa mtangazaji na nyingine kwa fundi mitambo. Kifuniko si pambo. Swichi isiyo na kifuniko itabonyezwa na kikombe cha chai, na akiba itatupwa katikati ya mahojiano na mtu ambaye hakusema baya lolote. Kasoro ya swichi mbili ni kwamba watu wawili wanaweza kubonyeza kwa tukio moja: kwenye mashine inayofuta yote, ubonyezaji wa pili hauna madhara makubwa kwa kuwa hakuna kilichobaki, lakini kwenye mashine ya vipande, wa pili hutupa kinga iliyokuwa imebaki. Hapa sharti liwe limeandikwa ukutani ni nani anayebonyeza, na mwingine akate simu. Pamoja na swichi, taa ya usalama nayo ivutwe hadi mezani. Swichi bila taa ni kubahatisha.

Programu ya kompyuta ndiyo dhaifu kuliko zote katika hatua hii, na sioni sababu ya kulisema jambo hili kwa kuzunguka. Kipanya lazima kitafutwe, mshale uonekane uko wapi, dirisha la programu liwe juu ya madirisha mengine, na skrini isiwe imejifunga. Mwendeshaji aliyekuwa akitafuta wimbo kwenye dirisha jingine anahitaji vitendo vitatu kabla ya kufuta, huku mashine ikihitaji kimoja. Njia ya mkato ya kibodi hupunguza udhaifu huo, na swichi ya USB iliyopangiwa kazi ya kufuta huupunguza zaidi, lakini kufikia hapo umeshanunua swichi ya mezani, isipokuwa inategemea mfumo wa kompyuta ambao unaweza kuamua kujisasisha saa mbili usiku.

Kukohoa

Kitufe cha SNEEZE hushikiliwa wakati mtangazaji anakohoa au anamuuliza jambo mwenzake, na muda huo haurekodiwi kwenye kumbukumbu. Akiba hupungua kwa kiasi hicho, kisha mashine huirudisha polepole. Ni kitufe kizuri, ila studio yenye mikseri ya kawaida tayari ina swichi ya kuzima maikrofoni. Usilipie zaidi kwa ajili yake.

Kutoka

Kipindi cha simu kikiisha, kituo lazima kirudi kwenye muda halisi, na hapa kuna mambo mengi kuliko wanunuzi wanavyodhani. RAMP TO ZERO huharakisha sauti kidogo kidogo mpaka akiba iishe, na huchukua muda kama ule wa kujaza. WAIT AND EXIT hufanya kazi tofauti: mtangazaji anamaliza sentensi yake ya mwisho, anabonyeza, kisha ananyamaza. Mashine inaendelea kutoa kilichomo mpaka neno lake la mwisho lifike hewani, na papo hapo inarudi kwenye sifuri, tayari kwa taarifa ya habari au tangazo linalofuata. Chochote kinachosemwa studio katika sekunde hizo za kusubiri hakiendi hewani, jambo ambalo watangazaji wachangamfu hulipenda zaidi ya inavyopaswa.

Kati ya njia hizo, ya kusubiri ndiyo inayofaa redio zetu, kwa kuwa ratiba imejaa vitu vinavyotaka muda kamili. Milio ya saa kabla ya taarifa ya habari ikipita kwenye akiba ya sekunde 8, inamdanganya kila anayerekebisha saa yake. Mwezi wa Ramadhani uzito unaongezeka. Adhana ya magharibi ikichelewa sekunde 8, anayefuturu amesubiri kidogo tu na hakuna lililoharibika. Adhana ya alfajiri ikichelewa vivyo hivyo, aliyeshika glasi ya mwisho huku akisikiliza redio amekunywa baada ya wakati. Mashine isiyo na njia safi ya kutoka, au ambayo kitufe chake cha kutoka kimefichwa ndani ya menyu ya skrini, haifai kituo chenye vipindi hivyo, hata ikiwa ina sifa nyingine zote.

Mpira nao una shida yake. Simba na Yanga wanapokutana kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, wapo mashabiki jukwaani wenye redio sikioni, na mtangazaji anayeshangilia bao sekunde 8 baada ya jukwaa kulipuka hana msikilizaji tena. Tatizo zaidi ni la mwandishi aliye uwanjani, aliyezoea kusikiliza kituo chake kwenye redio ndogo ili ajue lini anaitwa. Mashine ikiwa kwenye kuchelewa, anasikia akiitwa sekunde 8 baada ya kuitwa, na studio inabaki na kimya cha aibu. Mwandishi huyo apewe sauti ya studio kwa njia ya simu, au mashine iwe kwenye sifuri kabla ya matangazo ya uwanjani kuanza. Kwa kazi hii vitufe vya mashine vinashinda swichi ya mezani, ambayo kwa kawaida hufungiwa DUMP peke yake. Ukitengeneza swichi, fundi aongeze ya pili kwa ajili ya kutoka, na aifanye tofauti kwa umbo, si kwa rangi tu. Programu ya kompyuta haiko nyuma hapa: kutoka kunapangika, na kuharakisha kipanya si lazima.

Ipo pia kero ambayo njia zote tatu huizidisha. Kila mtangazaji wa Dar es Salaam ameshasema, “Punguza sauti ya redio yako, tafadhali,” na bila kuchelewa tatizo huwa ni mlio. Penye akiba ya sekunde 8 mlio hupotea, lakini mpigaji anaanza kujisikia mwenyewe akisema alichosema muda uliopita, anachanganyikiwa, ananyamaza, anauliza, “Haloo, mnanisikia?” Hakuna kitufe cha kulitibu hilo. Anayepokea simu nje ya studio amwambie mpigaji azime redio kabisa na asikilize kwenye simu, tena amwambie kabla hajamuunganisha.

Umeme ukikatika

Mashine makini ina rilei ndani yake inayounganisha njia ya kuingia na ya kutoka moja kwa moja pale umeme unapokosekana, ili kituo kisizimike kwa sababu ya kifaa kilicho katikati. BD600 ni mojawapo. Hilo halilindi akiba: umeme wa TANESCO ukikatika na jenereta ikachukua sekunde kadhaa kushika, kumbukumbu imefutika, na kipindi kinaendelea bila kinga mpaka ijazwe tena. UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, ni ya lazima, na muuzaji aulizwe kama mashine ikiwaka hurudi yenyewe kwenye hali iliyokuwamo au husubiri mtu aibonyeze. Kompyuta isipokuwa na UPS huzimika na kituo nacho, kwa kuwa sauti yote ilikuwa inapita ndani yake. Hata yenye UPS inahitaji njia ya pembeni kwenye mikseri ambayo fundi anaweza kuigeuzia mara moja programu ikiganda. Kabla ya kulipa, omba uchomoe waya wa umeme wa mashine huku sauti ikipita. Jaribio hilo linachukua dakika moja na linaeleza zaidi ya kipeperushi.

Rekodi ya kilichofutwa

Kituo kinatakiwa kutunza rekodi za vipindi vyake, na mahali pa kuchukua rekodi hiyo ni baada ya mashine ya kuchelewesha. Ikichukuliwa kwenye mikseri, itakuwa na tusi ambalo kwa kweli halikufika hewani, na ushahidi wako mwenyewe utakushitaki. Kwa upande huu Program Delay Manager ya 25-Seven, iliyo chini ya Telos Alliance, ina kitu cha kuvutia: kila DUMP ikibonyezwa, inahifadhi faili za sauti zenye saa, za kilichoingia na kilichotoka, na kuweza kuzituma kwa barua pepe kwa msimamizi wa vipindi. Programu za kompyuta nazo zinaweza kufanya hivi kwa urahisi, na hapa kwa haki zinazizidi mashine nyingi za zamani.

Uchaguzi kwa aina ya kituo

Kituo chenye chumba cha fundi mitambo kilichotenganishwa kwa kioo, na fundi aliyepo kila zamu, kinunue mashine ya raki na kuitumia kwa vitufe vyake, ikiwa usawa wa mkono, yenye kufuta kwa vipande na njia ya kusubiri na kutoka. Swichi ya mezani kwa mtangazaji iwe ya akiba tu, kwa sababu fundi asiyeongea hewani ana akili iliyotulia zaidi ya kuamua.

Kituo ambacho mtangazaji yuko peke yake, na hivi ndivyo vilivyo vingi vya vijana, kisinunue mashine bila kutenga fedha ya swichi mbili, ya kufuta na ya kutoka, na taa moja mezani. Mashine nzuri iliyo nyuma ya mgongo wake ni sawa na kutokuwa nayo. Hapa pia kufuta kwa mkupuo kunafaa kuliko vipande, na akiba ijazwe kwa utambulisho uliorekodiwa, kwani mtangazaji huyu hana muda wa kutazama mstari ukijaa.

Redio ya mtandaoni inayotangaza kutoka chumba kimoja Sinza au Kijitonyama, bila transmita, inaweza kuanza na programu ya kompyuta, mradi kompyuta hiyo isifanye kazi nyingine na amri ya kufuta iwe kwenye kitufe halisi cha USB. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa matangazo ya mtandao tayari humfikia msikilizaji kwa kuchelewa, hawahitaji kitu kingine. Kuchelewa kule kuko njiani na kwenye seva, na sauti ikishatoka kwenye kompyuta ya studio hakuna kitufe kinachoirudisha.

Kuhusu bei, mashine maalumu huagizwa nje na hulipiwa kwa fedha za kigeni, pamoja na usafirishaji na ushuru, ilhali kompyuta na kadi ya sauti vinapatikana Kariakoo mchana mmoja. Tofauti hiyo ni kubwa na haifichiki. Mwenye fedha pungufu atafute mashine iliyotumika yenye vitufe vinavyobonyezeka vizuri na rilei inayofanya kazi, hata kama inashika sekunde chache, kabla ya kufikiria programu mpya yenye sekunde nyingi. Na akiipata, aibonyeze DUMP mwenyewe mara kadhaa mfululizo, kwa kuwa kitufe hicho kwenye mashine iliyotumika ndicho kilichochoka zaidi, au ndicho kilichokaa miaka bila kuguswa hadi kikashika kutu ya hewa ya bahari.